Petroli inavuja kwenye kabureta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wenye magari ya zamani

Corolla DX, Datsun 1200, Land Rover za petroli, Peugeot 504, Volkswagen Beetle: magari haya bado yapo barabarani na bado yanatunzwa na watu wanaoyapenda. Malalamiko yao hufanana. Petroli inadondoka, spea zimebadilishwa, na bado inadondoka. Mara nyingi sababu ni moja: kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini) ilifunguliwa kabla mtu hajajua petroli inatokea wapi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya majibu haya inahusu kutafuta chanzo. Kutengeneza chenyewe si kazi kubwa.

Ni matone machache tu. Naweza kuendesha mpaka gereji?

Hapana. Zima injini, acha ipoe, kisha gari livutwe au fundi akufuate ulipo.

Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse kwenye jua la Dodoma au Mombasa. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupai, unashuka na kukaa chini ya injini, kwenye sakafu ya banda, kwenye shimo la gereji. Cheche ya distributa au ya stata inatosha kuuwasha.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalitazami. Kwenye injini ya 4K ya Corolla, A12 ya Datsun 1200 na ile ya lita 2.25 ya Land Rover, manifodi ya hewa (mabomba ya kuingizia hewa na petroli) na manifodi ya ekzosi (ya kutolea moshi) ziko upande mmoja wa injini, na kabureta imekaa juu. Tone likitoka kwenye kabureta halina pa kuangukia isipokuwa kwenye ekzosi. Fungua boneti uangalie mwenyewe, utaelewa kwa nini nasema hapana bila kusitasita.

Nianze na nini kabla ya kushika spana?

Toa gari nje, kwenye hewa. Chomoa waya wa hasi wa betri. Weka karibu kizimamoto cha unga, au ndoo ya mchanga kama huna. Maji hayafai, kwa sababu petroli inaelea juu ya maji na moto unasambaa nayo. Usitumie balbu ya waya ya gereji. Ikianguka na kupasuka, imewasha. Tumia tochi, uiwashe ukiwa mbali na gari. Na simu inayoita mfukoni inakupotezea umakini, iache kando.

Nitajuaje petroli inatokea wapi hasa?

Petroli inatiririka kwenda chini na inakauka haraka, kwa hiyo pale unapoona unyevu sasa hivi huenda si pale inapoanzia. Kanuni ni kutafuta sehemu ya juu kabisa iliyolowa.

Osha kabureta kwa nje, ikaushe kwa kitambaa mpaka isiwe na hata doa la mafuta. Saga chaki nyeupe ya darasani, upake unga wake kwenye maungio yote: pale kifuniko kinapokutana na bakuli (sehemu ya kabureta inayoshika petroli), kuzunguka boliti ya bomba la kuingilia, kwenye plagi za chini za jeti (vitundu vidogo vinavyopima petroli), kwenye kioo cha bakuli, na chini kabureta inapokaa kwenye manifodi. Sasa ingiza petroli bila kuwasha injini. Land Rover nyingi za zamani zina mkono mdogo kwenye pampu ya mafuta, unapampu kwa kidole. Kama gari lako halina, chomoa waya mwembamba wa koili ili plagi zisitoe cheche, uuzibe ncha, rudisha betri, halafu mwenzako apige stata kwa sekunde chache huku wewe unatazama.

Chaki ikilowa inabadilika rangi papo hapo. Unaona mstari wa kijivu ukianza kwenye ungio fulani na kushuka. Hapo ndipo pa kufungua.

Uliza pia inavuja wakati gani. Ikivuja injini ikiwaka tu, shaka iende kwenye sindano ya boya, pampu na mipira. Ikivuja gari likiwa limezimwa na limeegeshwa mteremkoni, tazama kiwango cha petroli kwenye bakuli na gasketi ya kifuniko. Ikivuja ukikanyaga mafuta tu, nenda kwenye diaframu (utando mwembamba) ya pampu ya kabureta.

Petroli inamwagika kutoka juu, kwenye koo la kabureta, na moshi mweusi unatoka. Tatizo ni nini?

Hili ndilo swali la kila wiki, na jibu lake linastahili urefu.

Ndani ya bakuli kuna boya, na boya linasukuma sindano ndogo inayofunga tundu la kuingilia petroli. Ni kama tangi la choo: maji yakifika kiwango chake, boya linafunga bomba. Sindano isipofunga, petroli inaendelea kuingia, inapanda, inamwagika kooni, na iliyobaki inaingia kwenye silinda.

Corolla yenye kabureta ya Aisin na Datsun yenye Hitachi zina dirisha dogo la kioo mbele ya bakuli. Gari likiwa mahali tambarare na injini ikizunguka polepole, usawa wa petroli uwe kwenye alama ya kioo, katikati. Ukiona kioo kimejaa mpaka juu, huna haja ya kubahatisha tena. (Watu wengi wamepaka kioo hicho rangi au kimezibwa na uchafu. Kisafishe. Ni kipimo ulichopewa bure na kiwanda.)

Kwanza, gonga taratibu upande wa bakuli, karibu na tundu la kuingilia, kwa mpini wa bisibisi. Punje ya uchafu ikiwa imekwama kwenye sindano inaweza kuachia na uvujaji ukakoma. Ukikoma hivyo, usifurahi sana: uchafu huo umetoka mahali, na utarudi. Badilisha filta ya petroli na uangalie ndani ya tangi kama kuna kutu.

Isipoachia, fungua kifuniko. Toa pini ya boya kwa uangalifu, toa boya, toa sindano. Ishike kwenye jua na uigeuze taratibu. Sindano nzima ina ncha laini isiyo na alama. Iliyochoka ina pete nyembamba iliyochimbika kuzunguka ncha, na ukipitisha ukucha utaihisi. Pete hiyo ndiyo inayokumwagia petroli. Usiisugue kwa msasa ili kuiondoa. Utaharibu pembe ya ncha na haitakaa tena sawasawa. Badilisha sindano pamoja na kikalio chake (kipande chenye tundu ambalo sindano inalifunga), maana vimechakaa pamoja.

Sasa tikisa boya karibu na sikio. La shaba likiwa limetoboka utasikia petroli ikicheza ndani. Kama huna uhakika, lizamishe kwenye maji ya moto: hewa ya ndani inatanuka na mapovu yanatoka kwenye tundu, hata likiwa dogo namna gani. Boya la shaba linachomelewa kwa risasi ya fundi redio, lakini petroli yote itoke ndani kwanza na boya likauke kabisa, na risasi iwe kidogo sana, kwa sababu uzito ukiongezeka boya linaelea chini zaidi na kiwango cha petroli kinapanda. Boya la plastiki linalonyonya petroli halitengenezeki. Linanunuliwa.

Ukisharudisha, geuza kifuniko juu chini ili boya lilalie sindano kwa uzito wake, kisha puliza taratibu kwa mdomo kupitia mpira safi uliouvika kwenye bomba la kuingilia. Hewa isipite. Ukiinua boya kidogo, ipite. Pima pia urefu wa boya kwa kipimo cha kabureta yako, na kama utakunja ulimi wa boya (kibati kinachosukuma sindano), ushike kwa koleo; usibonyeze boya lenyewe, utakandamiza ncha ya sindano mpya.

Nimeweka sindano mpya na bado inamwaga. Je, nimeuziwa feki?

Inawezekana, lakini kabla ya kurudi dukani kugombana, angalia mambo haya.

Kikalio cha sindano kinafungwa kwa nyuzi na kina washa (pete bapa ya kuziba) yake ndogo chini. Washa ikisahauliwa, ikiwa imekatika au ya unene usio sahihi, petroli inapita pembeni ya kikalio wakati sindano yenyewe imefunga vizuri kabisa. Hili linawatesa watu wengi kuliko sindano mbovu.

Angalia boya kama linagusa ukuta wa bakuli au gasketi ya kifuniko. Gasketi za seti za bei rahisi wakati mwingine zimekatwa vibaya, kingo inaingia ndani na kushika boya. Utaona alama ya msuguano.

Halafu pampu. Kabureta inataka presha ndogo, takribani bar 0.2 hadi 0.3. Kuna mafundi ambao pampu ya mekaniki ikifa wanafunga pampu ya umeme iliyotoka kwenye gari la injekta. Pampu hiyo inatoa karibu bar 3, mara kumi ya inayotakiwa. Hakuna sindano itakayoizuia. Kama lazima ufunge ya umeme, tafuta ya presha ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya kabureta, au weka kipunguza presha. Na kwenye gari ambalo pampu yake ina bomba la tatu la kurudisha petroli kwenye tangi, hakikisha bomba hilo halijabanwa wala kuzibwa. Likizibwa, presha yote inakwenda kwenye sindano.

Inavuja kwenye ungio la kifuniko na bakuli. Nimekaza skrubu mpaka mwisho na bado.

Kukaza ndiko kulikosababisha. Mwili wa kabureta umetengenezwa kwa aloi ya zinki, madini laini. Ukiikaza kwa miaka na miaka pembeni, pembe zinashuka na katikati inainuka. Kaza zaidi, itainuka zaidi.

Toa kifuniko, ondoa mabaki ya gasketi kwa kijiti au plastiki (kisu kinachimba), kisha laza rula ya chuma juu ya uso wake na uangalie mwanga ukipita chini. Ukiona mwanga katikati, kifuniko kimepinda. Tandika msasa laini juu ya kioo nene cha dirisha, weka uso wa kifuniko chini, na uuzungushe kwa mkono mwepesi mpaka uso wote upate rangi moja. Toa kwanza boya na kila kinachojitokeza, kisha osha unga wote wa msasa, maana punje moja tu ikiingia kwenye jeti umejitafutia kazi nyingine. Weka gasketi mpya, kavu, ukaze kwa kupishana pembe, kidogo kidogo.

Wenye Land Rover yenye Zenith 36 IV, hili linawahusu zaidi. Kabureta hiyo inajulikana kwa kifuniko kupinda, na ikipinda si lazima uone petroli nje. Inavuja kwa ndani, kati ya njia moja na nyingine, injini haitulii gari likiwa limesimama na inakunywa mafuta kupita kiasi. Oringi (pete ya mpira) ndogo iliyo ndani, kati ya kifuniko na kipande cha jeti, ibadilishwe kila unapofungua.

Kama uvujaji uko kwenye boliti ya bomba la kuingilia, shida ni washa zake mbili. Za shaba zinaweza kutumika tena ukizichoma mpaka ziwe nyekundu na kuzitumbukiza kwenye maji, zinalainika. Za karatasi ngumu tupa, weka mpya.

Je, silikoni ya gasketi inafaa?

Haifai kwenye kabureta. Petroli inaivimbisha, inalegea, na vipande vyake vinaingia kwenye jeti. Ukikuta kabureta imepakwa silikoni nyekundu au ya kijivu, jua kuna jambo liliachwa bila kutengenezwa chini yake.

Na sabuni ya mche?

Kwa tangi lililotoboka njiani, ndiyo, sabuni ya kipande iliyokandwa kavu na kusukumwa kwenye tundu inaweza kukufikisha kwenye msaada, kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni. Madereva wa masafa wanaijua vizuri. Lakini maji ya mvua yanaiyeyusha, na mtikisiko unaitoa. Kwenye kabureta usiiguse kabisa: kuna joto, kuna mtikisiko, na chini kuna ekzosi.

Nina Beetle. Nimeambiwa ina hatari yake ya pekee. Ni kweli?

Ni kweli, na naomba ulichukulie kwa uzito. Kwenye Solex 34 PICT-3, bomba la shaba la kuingilia petroli halikufungwa kwa nyuzi. Lilisukumwa tu ndani ya mwili wa kabureta. Miaka ikipita linalegea. Siku moja mpira unalivuta, linachomoka, na pampu inaendelea kumwaga petroli juu ya injini. Injini iko nyuma, hivyo dereva hajui mpaka anayemfuata ampigie honi. Krankesi (ganda la chini la injini) ya Beetle ni aloi ya magnesi, na magnesi ikishika moto haizimwi kirahisi.

Shika bomba hilo kwa vidole, injini ikiwa baridi, ulizungushe. Likicheza hata kidogo, usiliendeshe gari hilo. Mpelekee fundi wa kukereza atoe bomba, akate nyuzi kwenye tundu, na kufunga bomba jipya la skrubu. Gundi si suluhisho.

Kabureta hizi za Solex zina pia diaframu ya pampu ubavuni, yenye kifuniko cha skrubu nne. Ikipasuka, petroli inatoka kila unapokanyaga. Diaframu mpya ni bei ndogo na kazi ni fupi. Aisin na Hitachi hutumia pistoni badala ya diaframu, kwa hiyo kuchakaa kwake hakuleti petroli nje. Gari linasita tu ukikanyaga.

Mpira wa petroli unafaa wa aina gani?

Mpira ulioandikwa ubavuni kuwa ni wa mafuta. Alama ya SAE J30 R9 ni nzuri zaidi, unavumilia joto na petroli yenye ethanoli. Mpira wa maji unavimba na kuwa laini kama ulimi wa kiatu kilicholowa. Ule wa plastiki unaoonyesha ndani, ambao maduka mengi ya spea wanaupenda kwa sababu ni rahisi kuuza, unakuwa mgumu kwa joto la injini na kupasuka kwenye ncha, chini ya klipu, pale usipoona. Kunja mpira wako kwa vidole: ukiona nyufa, huo umekwisha. Filta ya plastiki nayo isikae ikining'inia juu ya ekzosi.

Asubuhi hakuna harufu, lakini nikizima gari baada ya safari ndefu petroli inanuka na haliwaki kwa urahisi. Inavuja?

Pengine haivuji, inachemka. Ukizima injini, hewa na petroli baridi vinaacha kupita, na joto la manifodi linapanda kwenye kabureta. Petroli huanza kuchemka kwenye nyuzi chache zaidi ya joto la mchana wa pwani, hivyo inafukuta bakulini na kumwagikia kooni. Angalia kama kizuizi cha joto, ile plastiki nene ya bakelaiti kati ya kabureta na manifodi, bado ipo. Mafundi wengine huitupa wakati wa kubadilisha gasketi. Bati la kukinga joto juu ya ekzosi nalo lirudishwe. Kuwasha gari katika hali hiyo, kanyaga pedeli mpaka chini, uishikilie hapo bila kupampu, upige stata.

Oili imeongezeka kwenye kijiti na inanuka petroli. Niendelee?

Usiwashe kabisa. Ama kabureta imemwaga petroli ndani ya silinda ikashuka chini, ama diaframu ya pampu ya mekaniki imepasuka na pampu inapeleka petroli moja kwa moja kwenye oili. Oili iliyochanganyika na petroli hailindi beringi. Na kama silinda imejaa petroli, kupiga stata kunaweza kupinda konrodi (mkono unaoshika pistoni), kwa sababu kimiminika hakibanwi. Fungua plagi za cheche, zungusha injini kwa mkono, tengeneza chanzo, kisha mwaga oili na ubadilishe filta.

Ninunue kabureta mpya ya kopi badala ya kuhangaika na hii?

Mimi natetea ile ya kiwandani mpaka ithibitike imekufa. Jeti zake zilipimwa kwa injini yako. Kopi nyingi zinakaa kwenye boliti vizuri lakini jeti zake ni za kukisia, na utamalizia miezi ukitafuta kwa nini gari linakunywa. Nyuzi za skrubu zilizokwisha zinarudishwa. Shafti ya throto (kilango kinachofunguka ukikanyaga mafuta) iliyolegea inatiwa bushi. Kinachoiua kabureta ni ufa kwenye bakuli. Huo hata ukizibwa na gundi ya chuma unarudi. Hapo tafuta nyingine ya aina ileile kwenye gari lililobomolewa, uihamishie jeti zako.

Nimemaliza kufunga. Nipimeje kabla ya kuingia barabarani?

Paka chaki upya. Jaza bakuli bila kuwasha, utazame. Washa, acha izunguke mpaka ipate joto la kawaida, ukanyage mara kadhaa, utazame tena. Zima na usubiri dakika kumi, maana wakati huo joto linapanda na presha iliyobaki kwenye mpira inaijaribu sindano. Kisha egesha mteremkoni, pua ikielekea chini, na baadaye ikielekea juu. Laza gazeti kavu chini ya injini usiku kucha. Likiwa kavu asubuhi, zungusha mtaa mmoja, rudi, fungua boneti, pitisha kidole chini ya bakuli na unuse.